Chuma Kikila Moto Kina Rangi Yake

Najua wengi mlitazamia niandike juu ya nidhamu, au madhara ya mihadarati, au faida za kusoma kwa bidii. Hayo yameandikwa na wenzangu walio hodari kunishinda. Mie leo nataka kusema juu ya rangi ya bomba la moshi.

Usicheke. Subiri kwanza unisome hadi mwisho.

Maoni yangu ni haya: vigari, vigarimoshi na vipikipiki tunavyoviunda kwa waya na mikebe na kuvileta kwenye maonyesho, twavipaka rangi ya uongo. Kila bomba la moshi ni fedha tupu, lang'aa kama kijiko cha arusi. Kila injini ni safi kana kwamba haijawahi kuwashwa. Na waamuzi wanaoalikwa wamezoea kumpa alama nyingi yule ambaye kitu chake kinameremeta kuliko vya wenzake. Desturi hiyo naipinga, na sababu zangu nitazitoa moja baada ya nyingine.

Kisa chenyewe kilianzia hapa Changamwe. Tulikuwa wanafunzi watatu, tukaamua kuunda garimoshi la mvuke la aina ya 59, lile lililokuwa likivuta mizigo kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Kwa wasiolijua, magarimoshi hayo yalikuwa 34. Yaliundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956, na kila moja likapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Moja lilikuwa na uzito wa tani 250 hivi, na ni miongoni mwa magarimoshi ya mvuke yenye nguvu zaidi yaliyowahi kupita juu ya reli ya upana wa mita moja. Ukienda Makumbusho ya Reli kule Nairobi utalikuta nambari 5918, Mount Gelai, limetulia kama mzee aliyestaafu.

Letu tuliliunda kwa mikebe ya maziwa ya unga, waya, vizibo vya soda na lehemu kidogo. Ikabaki rangi. Mwenzetu mmoja, ambaye babake ni fundi wa kuchomelea mabomba ya moshi kando ya barabara, akasema, "Tusilipake fedha. Chuma kinachopikwa hakibaki vile." Tukakubali. Lakini kukubali si kujua. Mie ndiye niliyeshika brashi. Nikakumbuka pikipiki moja niliyoiona stejini, bomba lake lina buluu na zambarau na rangi ya dhahabu, basi nikaipaka dohani yote na kifua chote cha garimoshi kwa rangi hizo. Masizi nikayakwangua kwenye sufuria ya nyumbani nikayapaka ovyo, juu mpaka chini.

Siku ya maonyesho mwamuzi akaja, akainama, akatazama, akasema, "Kazi nzuri, lakini mbona chafu hivi? Mngeleta kitu safi ningewapa nafasi ya kwanza." Nafasi ya kwanza ikaenda kwa lori lililopakwa fedha hadi kwenye magurudumu. Magurudumu, jamani! Mpira wa fedha nani aliwahi kuuona?

Mie niliumia kidogo kisha nikasahau. Mwenzetu yule hakusahau. Tulipokuwa tukirudi nyumbani alisema neno moja tu: "Babangu hurudi nyumbani kila jioni na rangi ile ile mikononi. Kumbe ni uchafu." Tangu siku hiyo hakuja tena kuunda vitu nasi kwa muhula mzima. Hilo ndilo linalonifanya niandike, wala si zawadi tuliyoikosa.

Sasa nikiri kosa langu, maana nyani haoni kundule. Nililipeleka garimoshi lile kwa babu yangu, ambaye ujanani alikuwa fayamani, yaani mtia moto, kwenye reli. Alilizungusha mkononi, akatazama ile buluu na zambarau, akacheka mpaka akakohoa. "Mjukuu wangu," akaniuliza, "hili ni garimoshi ama ni leso?"

Akanifundisha. Kwanza, 59 halikula makaa ya mawe kama wengi wanavyodhani. Lilikunywa mafuta mazito, na kazi ya fayamani ilikuwa kuchunga moto wa mafuta hayo. Pili, lile tangi kubwa la kuchemshia maji lilivikwa kizuia joto, kisha bati jembamba juu yake, kwa hiyo ngozi yake ya nje haiungui. Pahali panapoonyesha moto ni mbele, kwenye chumba cha moshi na dohani. Pale rangi nyeusi huungua ikawa kijivu cha majivu, mvua ikinyesha panaingia kutu, na maji yanapovuja huacha michirizi myeupe kama chumvi. "Buluu yako hii," akasema, "pale mbele sikuiona hata siku moja."

Basi mwamuzi alikosea, nami nilikosea. Yeye alitaka fedha isiyokuwepo, mie nikaweka buluu isiyokuwepo. Sote wawili hatukwenda kukitazama kitu chenyewe.

Je, ile buluu ya pikipiki yatoka wapi? Hapo nikafunga safari hadi kwa babake mwenzangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamweleza shida yangu. Hakunijibu kwa maneno. Alichukua kipande cha chuma cha kawaida, akakisugua kwa msasa mpaka kikawa cheupe, akaushika upande mmoja kwa koleo na upande wa pili akautia moto wa gesi. "Mwanangu, usitazame moto," akasema, "tazama chuma."

Wallahi nilishangaa. Rangi zilianza kutembea zikiukimbia moto. Ya kwanza ilikuwa manjano hafifu kama nyasi kavu. Nyuma yake ikaja kahawia, halafu zambarau, halafu buluu iliyokolea, na karibu kabisa na moto pakawa kijivu. Alipouondoa moto, rangi zikabaki zimejipanga pale pale kama wanafunzi gwarideni.

Maelezo yake yamo katika fizikia na kemia tunayosoma. Chuma kikipashwa moto, oksijeni ya hewani hukivisha utando mwembamba mno. Joto likizidi, utando unanenepa. Mwanga unapoupiga, sehemu moja hurudi kutoka juu ya utando na sehemu nyingine hurudi kutoka chini yake. Zikikutana, baadhi ya rangi hufutana na nyingine huzidi nguvu. Ni jambo lile lile unaloliona kwenye povu la sabuni au mafuta yaliyomwagika juu ya maji ya dimbwi. Kwa chuma cha kawaida, manjano huja kwenye digrii 220 hivi, kahawia 250 na ushei, zambarau karibu 280, na buluu karibu 300. Chuma kisichoshika kutu huhitaji joto zaidi kupata rangi hizo hizo.

Wahunzi walizitumia rangi hizi kabla ya vipimajoto kuwako. Fundi anapotia chuma matiko, huzitazama rangi zikipanda, na kwenye rangi aitakayo huzima. Manjano ni ya makali ya kukata, buluu ni ya springi. Mwamuzi anayeziita uchafu ni sawa na mtu anayetazama maandishi asiyojua kuyasoma akasema karatasi imechorwa ovyo.

Sasa, kwa wenzangu wanaoshika brashi, haya ndiyo niliyojifunza.

La kwanza ni mpango. Buluu hukaa karibu na injini, kisha zambarau, kisha kahawia, kisha manjano, kisha chuma chenyewe. Ukipindua mpango huo umesema kwamba moto watoka mkiani. Na kijani usitie, kwani huu si upinde wa mvua.

La pili ni madini. Mkebe wa soda wa alumini hata uuchome vipi hautoi rangi hizo. Mkebe wa maziwa umepakwa bati, na bati huyeyuka kwenye digrii 232, kwa hiyo ukiuchoma utaharibu kazi yako, na lehemu yako itaachia. Waya wa chuma mtupu, kama ule wa springi ya kitanda, waweza kweli kuupasha moto kwa uangalifu kabla ya kuufunga mahali pake, nao utapata rangi ya kweli bila senti moja. Lakini waya au mabati yaliyopakwa zinki usiyachome kamwe. Moshi wake ni sumu, na nyumba zetu nyingi hazina madirisha ya kutosha. Kwa vitu vyote hivyo, tumia rangi.

La tatu ni namna ya kupaka. Siri ni kwamba rangi lazima ipenye mwanga, ili chuma kionekane chini yake. Rangi nzito ya duka la vifaa vya ujenzi hufunika kila kitu ikawa kama plasta. Sisi tulikamua wino wa kalamu za wino usiofutika tukauyeyusha katika spiriti. Sugua bomba kwa msasa laini. Paka manjano iliyochanganywa na kahawia kidogo, mbali na karibu. Ngoja ikauke. Paka zambarau sehemu fupi zaidi, karibu na injini. Ngoja tena. Malizia na buluu, fupi kuliko zote. Kingo zake zifute kwa kipande cha sponji chenye spiriti kidogo ili rangi ziingiane. Masizi weka kwenye mdomo wa bomba tu, pale moshi unapotokea. Mwisho pitisha vanishi ya mafuta, maana ile ya spiriti itauyeyusha wino wako ulie.

Najua yapo yatakayosemwa dhidi yangu. Wengine watasema hii ni anasa ya Wazungu na Wajapani wenye pesa. Ni kweli kwamba huko kazi hii ni uraibu mkubwa. Kampuni ya Tamiya ya Japani yauza hata kijikopo cha rangi mfano wa poda ya uso chenye buluu ya kuungua na nyekundu ya kuungua. Lakini sisi tulitumia kalamu tatu zilizokwisha na chupa ndogo ya spiriti. Na kitu chenyewe cha kutazama tunacho bure: stejini kuna pikipiki, barabarani kuna malori ya bandarini usiku na mchana, na mafundi wamejaa kutoka Likoni hadi Kisauni.

Wengine watasema usafi ni sehemu ya imani. Nakubali, na mezani kwetu pa maonyesho pawe safi. Lakini lori lililofika Malaba na kurudi mara mia haliwezi kuwa na bomba jipya. Ukitaka kuunda lori jipya la dukani, lipake upya, hakuna ugomvi. Ninachoomba ni ujue umri wa kitu unachokiunda, na kazi yake, kisha rangi ikubaliane na hayo.

Na atakayeuliza Kiswahili chahusika wapi, nitamjibu kwamba lugha yetu haikukosa maneno hapa. Tuna masizi, kutu, matiko, lehemu, kubabuka, kusawijika. Maneno haya mengi yamelala kamusini kwa sababu hatutazami vitu vyenye kuyahitaji. Nilipoandika makala haya ndipo nilipoyatumia nusu yake kwa mara ya kwanza.

Ombi langu kwa walimu na waamuzi ni dogo. Mbele ya kila kitu kilichoundwa, mwulizeni mwanafunzi swali moja: "Kwa nini rangi hii iko hapa?" Mwenye jibu apewe alama, awe amepaka fedha au masizi. Na neno "chafu" msiliharakishe, kwa kuwa hamjui mbele yenu amesimama mtoto wa nani.

Garimoshi letu tulilikwangua tukalipaka upya: kijivu mbele, kutu kidogo, michirizi myeupe. Nilikwenda mwenyewe kumwita mwenzetu, na safari hii brashi aliishika yeye. Halijashinda kitu mpaka leo. Liko juu ya kabati kwa babu, na wageni wakija hulishusha akawaonyesha chumba cha moshi kwa kidole.

Kalamu naiweka chini. Aliye na macho haambiwi tazama, lakini mie nimeona heri niseme. Wasalaam.