Masega Yanauzwa, Uchakavu Tunalipa, Moshi Tunavuta Sisi

Makamanda, leo naomba tuongee kuhusu kitu ambacho hakijawahi kufika kwenye mabango yetu: moshi wa magari. Najua kuna watakaosema, Tarime ina mgodi, ina migogoro ya ardhi, ina vijana hawana kazi, halafu huyu binti anatuletea habari za ekzosi. Nivumilieni kidogo.

Ukitoka Nyakunguru kwenda Nyamongo au Tarime mjini unapanda nini? Pikipiki au mchomoko. Zile Probox zinazobeba watu mpaka kwenye buti ziliondoka kiwandani Japani zikiwa na masega. Kwa asiyejua, masega ni kile kigae chenye matundu madogo madogo kama sega la nyuki, kiko ndani ya bomba la ekzosi, kimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita pale ukiwa wa moto wa kutosha, kaboni monoksaidi na mabaki ya petroli yanageuzwa kuwa hewa ukaa na mvuke wa maji, na oksaidi za naitrojeni zinarudi kuwa naitrojeni ya kawaida. Hewa ukaa inabaki, lakini ile sumu ya kuua mtu gereji iliyofungwa inapungua sana.

Sasa yale madini ni ya thamani, ndiyo maana kuna watu wananunua masega. Dereva anapewa hela ya haraka, fundi anachomelea bomba tupu, gari linaondoka. Kwa macho huoni tofauti, kwa sababu kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Askari wa barabarani atakagua tairi, taa na stika, hiyo sumu haioni.

Dawa yake ni kupima, na kupima siyo uchawi. Injini inapashwa moto vizuri, bomba la mashine linaingizwa kwenye ekzosi, unasoma gari likiwa limesimama bila kukanyagwa mafuta, halafu unasoma tena injini ikizungushwa zaidi ya mara 2,000 kwa dakika. Ulaya, gari la petroli la zamani lenye masega linatakiwa lisizidi asilimia 0.5 ya kaboni monoksaidi kwenye kipimo cha kwanza na 0.3 kwenye cha pili. Na injini kuukuu inaweza kufaulu. Mara nyingi tatizo ni plagi, chujio la hewa au sensa ya oksijeni. Ukirekebisha, hata petroli inapungua kuliwa.

Sisi tunafanya nini? Tunatoza uchakavu. Kenya imezuia magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8, Uganda tangu 2018 imeweka miaka 15. Tanzania tumesema ingiza tu, ila likizeeka lipia ushuru zaidi. Kwa hiyo gari la miaka 15 lenye masega mazima na lingine la umri uleule lenye bomba tupu, mbele ya ushuru huo ni ndugu. Uchakavu unaenda TRA, moshi unakuja kifuani kwetu. Hiyo siyo sera ya mazingira, ni mapato tu.

Na sheria ipo, makamanda. Nasoma sheria, hili nalisema kwa uhakika. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Cha 5 kinakufungulia mlango wa mahakama. Hata kabla ya sheria hiyo, wakazi wa Tabata walilishtaki Jiji la Dar es Salaam mwaka 1988 kwa sababu ya dampo na moshi wa takataka zinazochomwa. Jiji lilipoendelea kuomba muda, Jaji Lugakingira alikataa, akasema kuchafua mazingira namna ile ni kugusa haki ya kuishi iliyo Ibara ya 14 ya Katiba.

Najua dereva wa mchomoko ataniuliza, "Dada, masega mapya nitatoa wapi?" Swali la haki kabisa. Ndiyo maana sitaki tudai faini. Faini bila mashine itakuwa mradi mwingine wa kumkamua mnyonge barabarani. Tudai hivi:

Kwanza, TBS inapokagua magari yaliyotumika yanayoingia nchini, moshi upimwe kwa mashine na namba ziandikwe kwenye cheti. Pili, ushuru wa uchakavu ufuate moshi, siyo mwaka wa kutengenezwa peke yake. Tatu, wanunuzi wa masega wasajiliwe na waonyeshe walikoyatoa. Nne, upimaji uanze na magari ya serikali na malori ya migodini, na mwananchi apewe mwaka mzima wa kupimiwa bure bila kutozwa. Tano, matokeo yatangazwe kwa kila wilaya.

Hilo la tano msilidharau. Machi 2022 maji ya Mto Mara yalibadilika rangi na samaki wakafa. Kamati ya serikali ikatuambia chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Wengi hawakuamini, lakini tungejibu na nini? Hatukuwa na vipimo vyetu vya kuweka mezani. Asiye na kipimo chake anapokea jibu la mwenzake.

Kwa hiyo kwenye vikao vya matawi, kabla ya kufunga na nguvu ya umma, ongezeni ajenda moja: mwandikieni mkurugenzi wa halmashauri yenu, mumuulize wilaya ina mashine ngapi za kupima moshi wa magari. Ombeni jibu la maandishi, lenye saini na mhuri. Mkilipata, lileteni hapa tulisome wote.