Kwa nini tunamkimbia munganga wa meno?

Ndugu wafanyakazi, na ninyi akina mama wa nyumbani, tuseme ukweli: huku Beni na Butembo, mtu anayeshuka shimoni bila woga anamkimbia munganga wa meno. Sababu ziko. Wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020, wengi waliogopa hata mlango wa hospitali. Tena kuna shida ya feza. Lakini woga mkubwa unatoka kwa masimulizi ya walioumia siku ya kung'olewa.

Waliumia kwa nini? Mtu anakaa miezi na jino bovu, anameza vidonge vya sokoni mpaka shavu linavimba. Penye usaha, dawa ya ganzi haishiki vizuri. Sindano inachomwa, jino bado linauma, na munganga ndiye anayelaumiwa! Jino lenye tundu dogo halina taabu hiyo.

Maji baridi yakiuma, nenda wiki ile ile. Mwambie munganga unaogopa. Mpatane kwamba ukiinua mkono, anasimama. Shavu likivimba na homa ikapanda, au kumeza kukiwa kugumu, usingoje kesho: usaha unaweza kushuka shingoni na kuziba pumzi.

Na wazazi, acheni kumtisha mtoto mkorofi kwa sindano ya munganga.