Kiungo cha Tela Si Waya

Uliza kwenye gereji za Arusha tela la safari linahitaji nyaya ngapi, na mara nyingi utajibiwa: za taa tu, ethi (waya wa kurudisha umeme) ya nini wakati chuma kimeshika chuma? Jibu hilo lina msingi. Kwenye gari lenyewe, umeme hurudi betri kupitia bodi, na hakuna anayelalamika. Tena tela likijaribiwa pale uani, taa zote huwaka. Ila bodi ya gari imechomelewa na kukazwa kwa boliti, ilhali kiungo cha tela kimeundwa kicheze.

Kwanza, hesabu. Balbu ya breki ya wati 21 kwenye volti 12 hula ampea 1.75. Breki mbili, indiketa moja na taa mbili za nyuma za wati 5 zinafikia ampea 6 hivi, zote zikirudi njia moja. Kutu na rangi vikileta ukinzani wa nusu omu tu, kila ampea 5 zinapoteza volti 2.5. Breki itawaka, lakini hafifu, na ukungu wa asubuhi pale ukingoni mwa Ngorongoro haumsamehe dereva anayekufuata.

Pili, kiungo kinahitaji grisi, na grisi ya kawaida haipitishi umeme. Ukikitunza vizuri, unazinyima taa. Halafu kuna barabara ya vumbi ya kwenda Serengeti: tela linaruka, vyuma vinaachana, taa zinapepesa.

Tatu, na hili ndilo huwachanganya mafundi wengi: umeme ukikosa pa kurudi hutafuta njia nyingine. Unakanyaga breki, taa ndogo za gari lenyewe zinawaka kwa mbali, kwa sababu umeme umepenya nyuzi za balbu za tela na kurudi kupitia waya wa taa hizo. Fundi anabadilisha balbu, kisha swichi ya breki. Vyote vilikuwa vizima.

Ni kweli taa za LED hula umeme kidogo, hivyo zitavumilia muda mrefu zaidi. Kuvumilia huko kunaficha ubovu tu. Hata wanaojenga reli ndogo za mfano, zenye vipande vya kutoa na kurudisha, hawaviamini viungio vya reli kupitisha umeme. Kila kipande hupewa nyaya zake na plagi.

Kwenye plagi ya pini 7 ya volti 12, ethi ni pini namba 3. Ya volti 24, namba 1. Kwa kuwa waya huo unabeba marejeo ya taa zote, uwe mnene kuliko mingine, na uifikie kila taa badala ya kuishia kwenye ribiti ya fremu.

Kabla hujalipa, mwambie fundi alivue tela kwenye kiungo, alisogeze kidogo vyuma visigusane, aache plagi tu imechomekwa, kisha akanyage breki.