Mgonjwa Mwenye Mfuko wa Mkojo: Tiba na Sala



Wiki hii tumejiwa na mama mmoja. Mumewe aliondolewa kibofu kwa maradhi ya saratani, na madaktari wakatumia kipande cha utumbo wake kuupitishia mkojo hadi kwenye mfuko uliobandikwa tumboni. Sasa ana homa na maumivu ya ubavuni, na mkojo umepungua. Hospitali haitaki, akichelea kupasuliwa tena; na sala ameiacha, akijiona mtu wa najisi.

Tulianza na la kwanza, kwani halingoji. Pale mrija utokao kwenye figo ulipounganishwa na utumbo, huweza kufanyika kovu, njia ikabana. Mkojo hurudi nyuma, figo ikavimba. Na ukiingia uambukizo, mtu huweza kufa kwa muda mfupi. Ila si lazima apasuliwe. Daktari hulitia ganzi eneo la mgongoni, na huku akiitazama figo kwa ultrasaundi na eksirei, huingiza sindano, kisha mpira mwembamba wa kutolea mkojo. Homa ikitulia, kwa njia hiyo hiyo huweza kupapanua palipobana kwa kiputo, na kuacha kijimrija ndani. Baadhi yao hubana tena na kuhitaji upasuaji baadaye, lakini figo huwa imewahiwa.

Ama sala, haikumwondokea. Mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi wamemweka asiyeweza kuzuia mkojo katika hukumu moja na mwanamke mwenye damu ya istihadha. Aumwage mkojo wa mfukoni, ajisafishe awezavyo, na wakati ukishaingia atawadhe na kusali bila ya kukawia. Kila faradhi ina udhu wake, na sunna asali azitakazo. Kitakachotoka ndani ya sala hakimdhuru. Akishindwa kusimama, na akae.

Enyi wake na watoto, mfuko ule si aibu. Mkikunja nyuso, mgonjwa ataficha maumivu yake, na kuficha huko ndiko kunakoua. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, basi kutafuta dawa si upungufu wa tawakali.

Mama yule tulimwambia asingoje kesho. Nasi twamuomba Mola amponye mumewe na wagonjwa wetu wote. Amin.

Wabillahi tawfiq.