Maudhi ya Dawa za Baridi Yabisi Yasemwe Kabla ya Kidonge cha Kwanza

Na Zuhura Mbarouk

Mgonjwa wa baridi yabisi anayeacha dawa katika mwezi wa pili, kwa sababu tumbo limechafuka na nywele zimeanza kubaki kwenye kitana, mara nyingi haachi kwa ukaidi wala kwa kukosa subira. Huacha kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba mambo hayo yangeweza kutokea, yanapunguzwaje, na ni yapi kati yake yanayompasa kurudi hospitali bila kungoja siku ya kliniki. Safu hii inashikilia kwamba maelezo hayo ni sehemu ya tiba yenyewe, na kwamba mhudumu anayetoa kidonge bila maelezo ametoa nusu ya tiba.

Baridi yabisi, kwa maana ya kitabibu, ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu tu, hushambulia utando laini uliomo ndani ya maungio, hata vidole, vifundo vya mikono na magoti vikavimba na kukakamaa kwa muda mrefu kila asubuhi. Usipodhibitiwa, ugonjwa huo hula mfupa pamoja na gegedu, yaani tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa, na kilichokwisha kulika hakirudi. Ndiyo maana matibabu ya sasa hayaishii kwenye kutuliza maumivu, bali hutegemea dawa zinazozuia uharibifu wenyewe, na inayotangulia katika kundi hilo ni methotreksati, ambayo ilianza kama dawa ya saratani, ikaidhinishwa nchini Marekani kutibu baridi yabisi mwaka 1988, na leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Tatizo ni kwamba nafuu yake huchukua takriban wiki 6 hadi 12 kuonekana, ilhali kichefuchefu kinaweza kuja tangu dozi ya kwanza, na mtu asiyejua mpangilio huo ana kila sababu ya kuamini kwamba amepewa sumu.

Maudhi mengi ya methotreksati yana chanzo kinachoeleweka. Dawa hiyo huzuia kazi ya foleti, vitamini ambayo chembe za mwili huihitaji kila zinapogawanyika, na kwa hiyo huumia kwanza zile sehemu ambazo chembe zake hugawanyika upesi: ngozi laini ya mdomo, utumbo, mashina ya nywele, na uboho, yaani kiini cha mfupa inakotengenezwa damu. Kwa sababu hiyo daktari huongeza asidi ya foliki, ambayo ni vitamini hiyo katika umbo la kidonge, mara nyingi miligramu 5 kwa wiki katika siku tofauti na ile ya methotreksati, nayo hupunguza kichefuchefu na kulikinga ini. Ni kidonge cha bei ndogo, tena kinachojulikana zaidi kwa wajawazito, na mzee wa kiume asiyeelezwa kwa nini amepewa anaweza kukiweka kando akidhani kimekosewa.

Zipo njia nyingine zisizohitaji gharama. Wengi huona nafuu wanapomeza dozi baada ya chakula cha jioni, katika usiku unaotangulia siku ya mapumziko, ili uchovu wa kesho yake usiwakute shambani, sokoni au darasani. Na mwezi wa Ramadhani, dozi ya mara moja kwa wiki inaweza kumezwa baada ya futari bila kuvuruga funga ya anayeruhusiwa na daktari kufunga. Tumbo likiendelea kukataa, daktari anaweza kuigawa dozi katika mafungu mawili ya siku ileile, au kubadilisha vidonge kwa sindano ya chini ya ngozi.

Jambo la hatari kuliko yote, hata hivyo, limo katika maandishi ya bahasha ya dawa. Katika zahanati na maduka ya dawa ya Afrika Mashariki, bahasha hiyo huandikwa kwa hesabu ambayo kila mtu anaijua: 1×3 ni kidonge kimoja kutwa mara tatu, 2×2 ni vidonge viwili asubuhi na viwili jioni. Hesabu hiyo inafaa kwa dawa za kila siku, lakini haina nafasi ya wiki. Mgonjwa wa methotreksati aliyeandikiwa miligramu 15 humeza vidonge sita vya miligramu 2.5 kwa siku moja tu katika wiki nzima. Bahasha ikiandikwa 6×1, hakuna msomaji wa kawaida atakayekosa kuelewa kwamba ni vidonge sita kila siku, na dozi ya namna hiyo inaweza kuuzima uboho na kumuua mtu. Kosa hilo si la kufikirika, kwani mwaka 2019 Shirika la Dawa la Ulaya lilitoa masharti mapya, likiwemo onyo la wazi juu ya pakiti, baada ya taarifa za makosa hayo, mengine ya kuua, kuendelea kupokelewa licha ya tahadhari za awali. Kinachozidisha hatari ni kwamba vidonge vya methotreksati na vya asidi ya foliki mara nyingi hufanana, vyote vikiwa vidogo, vya mviringo na vya rangi ya manjano, na vikitolewa kwenye pakiti zake na kutiwa katika bahasha mbili zinazofanana, macho ya mtu mzima yanayosoma kwa mwanga hafifu hayatavitenganisha. Dawa hii itolewe ndani ya pakiti yake, na juu yake liandikwe kwa maneno kamili jina la siku, kwa mfano: vidonge sita kila Alhamisi usiku, siku nyingine usimeze.

Linalofuata kwa uzito ni dawa zinazokutana ndani ya mwili mmoja. Ko-trimoksazoli, ambayo wengi huiita Septrin na huinunua kwa kikohozi au kwa kuharisha, ina kiambato ambacho nacho huzuia foleti, na ikimezwa pamoja na methotreksati inaweza kushusha chembe za damu kwa kiwango cha kuhatarisha maisha. Diklofenaki na dawa ndugu zake za kutuliza maumivu, zikitumiwa kila siku bila usimamizi, huchubua tumbo na kudhoofisha figo, na figo ndizo zinazoitoa methotreksati mwilini.

Prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, inahitaji maneno yake. Dawa za jamii hiyo zilianza kutumika kwa baridi yabisi mwaka 1948, daktari Philip Hench na wenzake walipozijaribu Marekani, na kazi hiyo ikachangia kumpa Hench Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Hutoa nafuu upesi, wakati mwingine ndani ya siku moja au mbili, na hapo ndipo mtego wake ulipo, kwa sababu mgonjwa aliyeionja huitafuta mwenyewe dukani. Uso huanza kujaa, majirani wakamsifu kwamba amenawiri, kumbe sukari na shinikizo la damu vinapanda na mifupa inapungua nguvu. Tena haifai kukatishwa ghafla baada ya matumizi ya muda mrefu, maana tezi zilizo juu ya figo, zinazotengeneza homoni kama hiyo kwa asili, huwa zimezoea kupumzika na haziamki kwa siku moja. Dawa ya unga isiyo na jina inayofuta maumivu usiku mmoja inastahili kushukiwa kwamba imechanganywa na kitu cha jamii hiyo.

Mwanamke anayeweza kupata ujauzito aelezwe, kabla ya dozi ya kwanza na si baada ya kukosa hedhi, kwamba methotreksati huharibu mimba na kwamba sharti aiache miezi kadhaa mapema kwa mpango wa daktari. Pombe huongeza mzigo wa ini. Vipimo vya damu, ini na figo si mbinu ya kuongeza bili, kwani madhara makubwa huanza kimya kabla mgonjwa hajahisi lolote.

Kwa msomaji anayetumia dawa hizi, au anayemtunza anayezitumia, ombi ni hili: usiache dawa kwa sababu ya kichefuchefu kabla ya kurudi kliniki na kukisema, wala usiendelee kumeza methotreksati ukiona homa, vidonda vingi mdomoni, michubuko isiyo na sababu, macho ya manjano, au kikohozi kikavu cha kukata pumzi, bali nenda hospitali siku hiyohiyo ukiwa na pakiti zako zote mkononi. Na kila unaponunua dawa yoyote, hata ya mafua, mtajie muuzaji methotreksati kwa jina kabla hujalipa.