Diski Iliyopangwa si Diski Iliyofutwa

Kompyuta ya shule ikichakaa huuzwa au hugawiwa. Kabla ya hapo mwalimu mwangalifu hufuta faili zake, kisha huendesha programu ya kuunganisha faili zilizokatika vipande, akaiona diski imekuwa safi. Usafi huo ni wa machoni tu. Tena mara nyingine kazi hiyo ya kupanga ndiyo inayoongeza mabaki ambayo mwalimu alikusudia kuyaondoa.

Diski ngumu imegawanywa katika vyumba vidogo, aghalabu vya baiti 4,096 kila kimoja. Faili kubwa hukaa katika vyumba vingi, na mfumo wa kompyuta hutunza daftari linaloonyesha ni vyumba vipi. Faili ikifutwa, kinachoguswa ni daftari: vyumba huandikwa kuwa ni vitupu, ilhali maandishi yangali humo. Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, yako makaburi ya kale ya karne ya 18. Mtu akikwangua jina lililoandikwa kaburini, hajamwondoa aliyezikwa.

Programu ya kupanga husoma vipande vilivyotawanyika na kuvinakili katika vyumba vinavyofuatana. Huvinakili, having'oi vilipokuwa. Vyumba vya zamani hutangazwa kuwa vitupu, na nakala ya kwanza hubaki humo mpaka siku vitakapoandikwa kitu kingine. Kwa hiyo orodha ya alama iliyohamishwa mara tatu yaweza kuacha nyuma yake nakala tatu zisizo na jina katika daftari lolote. Hata mwalimu akitumia programu inayofuta faili moja kwa kuandika juu yake, atakuwa ameifuta nakala ya mwisho tu. Tangu Windows Vista, iliyotolewa kwa umma mwaka 2007, kompyuta yenyewe hufanya upangaji huo kwa ratiba, bila kuamriwa na mtu.

Haya si mambo ya kubuni. Simson Garfinkel na Abhi Shelat, wa chuo cha MIT nchini Marekani, walinunua diski 158 zilizokwisha tumika, na mwaka 2003 wakachapisha waliyoyakuta. Diski 129 zilifanya kazi. Zilizokuwa zimefutwa sawasawa zilikuwa 12 tu. Na ichukuliwe, kwa mfano, shule ya sekondari ya Kunduchi inayouza kompyuta kumi kwa mfanyabiashara wa Kariakoo. Pamoja na vyuma hivyo zaweza kwenda namba za simu za wazazi, barua za nidhamu, na maelezo ya afya ya mtoto ambayo mzazi alimweleza mwalimu mkuu faraghani. Mtoto huyo hakuulizwa.

Dawa ni kujaza nafasi yote tupu kwa sifuri au tarakimu za ovyo, na utaratibu ndio wenye uzito: kwanza kufuta faili, pili kupanga kama kuna haja, na mwisho kabisa kujaza nafasi tupu. Anayejaza kwanza na kupanga baadaye amerudi alikotoka. Katika Windows iko amri ya cipher, ikifuatiwa na /w: na herufi ya diski; hainunuliwi. Ikiwa diski inatoka shuleni moja kwa moja, ni bora kuijaza yote, kwa sababu mabaki hukaa hata katika pembe za vyumba ambavyo faili ndogo haikuvijaza.

Wako wanaoogopa kazi hiyo kwa kusikia kwamba ni lazima irudiwe mara 35. Hesabu hiyo ilitoka katika makala ya Peter Gutmann ya mwaka 1996, nayo ilihusu aina nyingi za diski za zamani. Kwa diski za sasa zinazozunguka, mara moja yatosha. Mwanafunzi apige hesabu: diski ya gigabaiti 500, ikiandikwa megabaiti 100 kwa sekunde, huhitaji sekunde 5,000, yaani kama saa moja na dakika 23. Mara 35 ingekuwa siku mbili na zaidi, umeme ukiwaka bure.

Diski zisizozunguka, zinazotumia chipu, zina tabia nyingine. Hizo zenyewe huchagua pa kuandikia, hivyo kujaza nafasi tupu hakuhakikishi kitu, na kuzipanga huzichakaza bila faida. Zifichwe kwa fumbo tangu siku ya kwanza, au zifutwe kwa amri ya mtengenezaji.

Kuzivunja diski zote kwa nyundo ni uvivu unaojiita tahadhari; shule nyingine ingezitumia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Kwa shule, sheria hiyo ianzie katika kitabu cha mali: mbele ya jina la kila kompyuta inayotolewa, kiwepo chumba cha kuandika tarehe diski ilipojazwa na sahihi ya aliyeijaza, kabla gari la mnunuzi halijaingia uwanjani.