Rupia ya Marehemu Bibi: Ipime Kabla ya Kuisugua

Juma hili tumeonelea tuzungumze juu ya sarafu za kale za fedha, zile ambazo aghalabu hukutwa chini ya sanduku siku ya kugawana mirathi, na namna ya kuitambua hali na daraja ya kila moja.

Hapa Kigali, mtaani Nyamirambo, kaka na dada walikuta rupia mbili zimefungwa katika kitambaa cha marehemu bibi yao, zote za mwaka 1911. Usiku wa kuamkia kikao cha familia, kaka aliisugua moja kwa majivu na ndimu hata ikang'aa kama kioo. Ya pili hakuwahi kuigusa, ikabaki nyeusi kama chungu. Kulipokucha, kwa kuwa ndiye mkubwa, akachukua ile ing'aayo na kumwachia dada ile nyeusi. Sheria ya urithi ya mwaka 1999 iliwapa mabinti wa Rwanda haki ya kurithi sawa na ndugu zao wa kiume, na kwa hesabu ya vichwa mgawanyo huo ulikuwa sawa. Hata hivyo dada alitujia na moyo mzito akauliza, "Mama, je, sikupunjwa?"

Kabla ya kumjibu, yafaa tueleze rupia hizo ni kitu gani. Rwanda ilikuwa sehemu ya koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani hadi mwaka 1916, Wabelgiji walipoitwaa. Sarafu ya koloni hilo ilikuwa rupia, iliyolingana kwa uzito na rupia ya Bara Hindi: gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000 za uzito huo, sehemu 917 ni fedha halisi. Tangu mwaka 1904 rupia moja iligawanywa katika heller 100. Upande mmoja una sura ya Kaizari Wilhelm wa Pili aliyevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake. Upande wa pili una thamani na mwaka. Herufi ndogo A huonyesha kwamba sarafu ilipigwa Berlin, na J kwamba ilipigwa Hamburg.

Sasa namna ya kuipima. Tandika kitambaa laini mezani, uishike sarafu kwa kingo zake tu, kwani jasho la vidole huacha alama. Washa taa moja, iwe ubavuni, na uwe na kioo cha kukuzia. Kisha tazama mambo manne.

Kwanza, ulikaji. Sarafu ikipita mikononi mwa watu huanza kulika mahali palipoinuka. Katika rupia, mtazame yule tai wa kofiani, kisha sharubu za Kaizari. Manyoya ya tai yakihesabika, sarafu haikutumika sana. Yakiwa bapa, imezunguka sokoni miaka mingi.

Pili, mng'ao wa asili. Igeuze sarafu polepole chini ya taa. Iliyotoka kiwandani bila kutumika huonyesha miali inayozunguka pamoja na mkono wako. Iliyosuguliwa hung'aa mahali pote kwa namna moja, na miali ile haipo.

Tatu, mikwaruzo. Vijistari vyembamba vingi vinavyoelekea upande mmoja ni ushahidi wa majivu, mchanga au dawa ya meno.

Nne, majeraha. Rupia nyingi ziligeuzwa mapambo; basi tafuta tundu lililozibwa au alama ya kulehemu ukingoni. Mwombe sonara akupimie uzito, na ujaribu sumaku: fedha haishikwi na sumaku.

Kuhusu daraja, wakusanyaji wengi hufuata kipimo cha namba 1 hadi 70, kilichoanzishwa na Mmarekani William Sheldon mwaka 1949. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu zisizotumika kabisa. Kati ya 40 na 58 zimelika kidogo tu. Kati ya 20 na 35 zimelika lakini sura yake kuu ni wazi. Iliyosuguliwa vibaya, wakadiriaji wa leo huinyima namba ya kawaida na kuandika kwamba imesafishwa. Weusi si ugonjwa wa fedha. Ni utando unaotokana na salfa iliyomo hewani, na chini yake aghalabu sura huwa salama.

Tulipozitazama zile mbili, rupia nyeusi ya dada ilikuwa na manyoya yote ya tai, na baina ya herufi miali ya asili ilikuwa bado ipo. Ya kaka ilijaa vijistari, wala hakuna fundi awezaye kuvifuta. Kwa sonara wa kuyeyusha fedha, zote mbili zina thamani moja. Kwa mkusanyaji, nyeusi ndiyo bora. Basi aliyepunjwa ni kaka, na aliyempunja ni mkono wake mwenyewe.

Tulimshauri dada amweleze nduguye ukweli huo kabla hajaiuza yake. Akafanya hivyo, na rupia zote mbili zimerudi katika kitambaa hadi familia itakapokaa tena.

Nawe msomaji, ukikuta sarafu ya kale, usiisugue. Ifunge katika karatasi kavu isiyo na asidi, uiweke pasipo unyevu, hasa wakati wa masika. Usiifunge kwa mpira wala usiitie katika mfuko wa plastiki laini, kwani mpira huitia weusi na plastiki hiyo huacha utando wa kijani unaonata. Majuto ni mjukuu, na fedha iliyokwisha kukwaruzwa haina dawa.